Nani Mwingine Alimwona?

Chukua kitabu chochote maarufu cha masimulizi ya kweli kuhusu ndege, kisha hesabu watu waliomo. Mara nyingi utampata mmoja. Katika The Peregrine cha J. A. Baker, kilichotoka mwaka 1967, mwanamume anazunguka mashamba na vinamasi vya Essex, Uingereza, tangu Oktoba hadi Aprili, akiwafuata kozi. Hatuambiwi ana mke wala kazi, na ni nadra kumsikia akisalimiana na mtu. Katika H Is for Hawk cha Helen Macdonald, cha mwaka 2014, mwanamke aliyefiwa na baba yake anajitenga na watu ili amfundishe kipanga kuwinda. Vyote viwili ni vitabu vizuri, na cha Baker nimekisoma mara tatu. Lakini vimetuachia mazoea mabaya sisi tunaojifunza kuandika insha. Tumekuja kuamini kwamba ndege huonwa na mtu mpweke, na kwamba upweke huo ndio unaoyapa maandishi uzito.

Watazamaji wengi wa ndege hawaishi hivyo. Huamka alfajiri Jumamosi, wakakutana kwenye maegesho ya magari wakiwa kumi au kumi na watano, wakagawana chai ya chupa, kisha wakatembea polepole huku wakibishana. Mwishoni huandika orodha. Orodha hiyo haipelekwi kwa mhariri wa fasihi wala haishindanii tuzo. Hata hivyo nadhani inastahili kusomwa kwa makini kama tunavyosoma insha, kwa sababu ina jibu kwa swali ambalo waandishi wa kazi zisizo za kubuni tunapenda kulikwepa: mwandishi akisema "niliona", tumwamini kwa lipi?

Mwishoni mwa Machi nilitoka na kikundi cha namna hiyo huko Durban, Afrika Kusini, ninakosoma. Tulikuwa kumi na mmoja. Mahali penyewe ni mlango wa mto uMngeni, ambako mto huingia Bahari ya Hindi kando ya hifadhi ndogo ya mikoko iitwayo Beachwood. Kwa mtu wa Tanga kama mimi, ni pwani ninayoijua nusu. Miti ni ileile ya kwetu: mchu, muia, na mkoko wenyewe. Lakini Durban iko karibu nyuzi 30 kusini mwa ikweta, na mwezi huo asubuhi zake huanza kupoa. Vitwitwi waliokuja kukimbia baridi ya Siberia walikuwa wanajiandaa kurudi. Baadhi yao walikwisha kuanza kuvaa wekundu wa msimu wa kuzaa, wakila haraka haraka kwenye tope kabla maji hayajajaa.

Watatu kati yetu ndio wanaohusika na hoja yangu. Wa kwanza ni kiongozi, kijana Mzulu ambaye kuongoza watu kama sisi ndiyo kazi inayomlisha. Wa pili ni mwalimu mstaafu, Mhindi wa hapohapo Durban, ambaye wote tulimwita Anko. Wa tatu ni dada mfamasia aliyekuwa ameshika simu yenye programu ya kuandikia orodha. Yeye ndiye aliyekuwa karani wetu, na kila aliyeona kitu alimwambia yeye.

Orodha aliyokuwa akiiandika ni ya mradi wa atlasi ya ndege wa kusini mwa Afrika, unaojulikana kwa kifupi kama SABAP2. Ulianza Julai 2007, ukifuata atlasi ya kwanza ambayo taarifa zake nyingi zilikusanywa kati ya mwaka 1987 na 1991. Nchi imegawanywa katika viraba vya dakika tano za latitudo kwa dakika tano za longitudo, ambavyo kwa Durban ni takriban kilomita 9 kwa 8. Ukiingia katika kiraba, unatakiwa utafute ndege kwa bidii kwa saa mbili angalau. Unaandika kila aina uliyoitambua, kwa kumwona au kwa kumsikia, na unaziandika kwa mpangilio uliokutana nazo, huku ukionyesha kila saa moja iliishia wapi.

Kanuni hiyo ya mpangilio nilipoifahamu nilifurahi kama mtu aliyegundua bahari mpya ya shairi. Vitabu vya kutambulia ndege huwapanga kwa ukoo: bata na bata, tai na tai. Orodha ya atlasi huwapanga kwa muda. Ya kwetu ilianza na kwarara, kwa sababu kelele zake zilitupokea kwenye maegesho, ikafuata na shakwe, mnandi, mdiria mweusi na mweupe aliyekuwa ameganda hewani juu ya maji, kisha korongo mkubwa ambaye karani alimwona kabla ya kiongozi na akajisifu kwa hilo hadi saa nne. Anayejua kuisoma anaweza kutembea njia yetu upya: hapa walikuwa bado kwenye nyasi, hapa wamefika ukingoni, hapa wameingia kivulini mwa mikoko. Saa ya kwanza imejaa majina. Saa ya pili ina machache, nayo ndiyo iliyokuwa ngumu. Hayo ni masimulizi, yenye mwanzo wa kasi na katikati inayolegea, bila kivumishi hata kimoja.

Kuna sifa nyingine isiyoonekana haraka. Katika atlasi, aina ambayo haimo kwenye orodha nayo inasema kitu. Watafiti wanapotaka kujua ndege fulani anapatikana kwa kiasi gani katika kiraba, huuliza ni orodha ngapi kati ya zote zilizoandikwa hapo zinazomtaja. Ukitembea saa mbili usimwone, kutomwona kwako kunaingia kwenye hesabu. Insha zetu hazijui kufanya hivyo. Mwandishi wa insha akienda mara tisa asione kitu, akaona mara ya kumi, ataandika ile ya kumi. Zile tisa zinapotea, na msomaji anabaki akidhani kwamba maajabu hupatikana kwa kutoka nje tu na kutazama.

Baker alikwenda mbali zaidi. Kitabu chake kinasomeka kama shajara ya msimu mmoja, lakini ndani yake amebana majira ya baridi ya miaka kumi. Kwa miaka mingi sasa kuna watazamaji ndege wanaotilia shaka aliyoyaandika: kwamba kozi wake ni wengi mno kwa eneo lile na enzi zile, ambapo viuadudu vya mashambani vilikuwa vimewapunguza vibaya, na kwamba baadhi ya tabia alizozieleza hazifanani na za kozi. Mashabiki wake hujibu kwamba swali hilo ni la kishamba, kwani kitabu ni kazi ya sanaa. Mimi ni shabiki, na jibu hilo halinitoshi. Kama kingekuwa riwaya, sawa. Lakini nguvu yake inatokana na sisi kuamini kwamba mtu yule alisimama kwenye baridi ile akayaona yale. Shaka haiwezi kuondoka kwa sababu rahisi: hakukuwa na mtu mwingine pale. Hakuna wa kumuuliza.

Sasa nirudi kwenye mikoko. Saa ya pili ilikuwa katikati, tumo kwenye kivuli, kiongozi akainua mkono tunyamaze. Alikuwa amesikia sauti ndani kabisa ya miti. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ni mdiria wa mikoko. Ndege huyu ndiye anayewaleta watu Beachwood: ni wa rangi ya buluu na kijivu, mdomo wake mwekundu mtupu, na hufika hapo miezi ya baridi baada ya kuzaa kwenye mito iliyo mbali zaidi kusini. Kwetu Afrika Mashariki aina hiyohiyo huonekana pwani mwaka mzima. Machi ni mapema kwake, ila si mapema kupita kiasi.

Anko akatikisa kichwa. Alisema aliyelia ni mdiria wa kichwa cha kahawia, ambaye yuko kila bustani ya Durban. Sauti za hao wawili zinakaribiana kwa sikio lisilozoea. Anko ana miaka arobaini ya kutazama ndege, na kiongozi ana umri wa chini ya huo. Sisi wengine tulikuwa tumesikia kitu fulani, lakini hakuna aliyeweza kuapa ni kipi. Karani akawa amesimama, kidole kiko juu ya simu, anasubiri.

Nilichokitarajia ni kwamba mkubwa angeshinda kwa umri, au kiongozi angeshinda kwa cheo. Badala yake kiongozi alisema, "Anko, tusubiri alie tena." Tukasubiri kama dakika ishirini. Mbu walifanya kazi yao. Kwenye mlango wa mto mtu alikuwa anavua kwa fimbo, na jirani yake redio ilikuwa inatangaza mpira. Ndege hakulia. Karani akauliza aandike nini, akimtazama kiongozi, kwa kuwa kanuni inamruhusu kuandika aliyesikiwa. Kijana akajibu, "Usiandike. Mimi nimemsikia, ninyi hamjamsikia." Anko akakubali kwamba wa kwake naye asiandikwe. Tukaendelea na safari, na katika sehemu ile ya orodha kati ya aina mbili zilizo jirani hakuna alama yoyote kwamba tulisimama.

Ninaamini kiongozi alikuwa sahihi. Anatembea kwenye mikoko ile kila wiki, na masikio yake yalinasa mambo mengine mengi asubuhi ile ambayo baadaye sote tuliyathibitisha kwa macho. Lakini imani yangu si ushahidi, naye alilijua hilo kuliko mimi. Kwake mdiria wa kwanza wa msimu ni habari inayoweza kuleta wateja. Alikuwa na kila sababu ya kuiandika. Alichokifanya ni kuweka mpaka kati ya analolijua na analoweza kuwataka wengine walijue. Sijakutana na mpaka huo umewekwa wazi namna hiyo katika kitabu chochote cha mtembeaji mpweke.

Wahenga wetu waliliangalia kundi kwa macho mawili. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema. Na pia, penye wengi pana mengi. Methali ya pili inafaa itukumbushe kwamba kundi nalo lina dhambi zake. Sauti ya mwenye umri huzima ya kijana. Anayejua Kiingereza kizuri husikilizwa zaidi. Kelele huwafukuza ndege. Na ni kweli kwamba kamati haiwezi kuandika sentensi za Baker. Swali linalonisumbua ni nani anamudu gharama ya kuwa peke yake.

Mwaka 2013 J. Drew Lanham, Mmarekani mweusi na mtaalamu wa ndege, alichapisha katika jarida la Orion kanuni tisa za mtazamaji ndege mweusi. Ni kipande kifupi cha kuchekesha kinachokuacha bila hamu ya kucheka, kwa sababu kinahusu mtu ambaye darubini yake mkononi inaweza kuwatia wengine hofu. Mei 25, 2020, Christian Cooper, naye mweusi, alikuwa akitazama ndege peke yake Central Park, New York. Alimwomba mwanamke mweupe amfunge mbwa wake kamba kama sheria ya eneo lile inavyotaka, naye mwanamke akawapigia polisi akidai anatishiwa na mwanamume mweusi. Kilichomwokoa Cooper na neno la mtu mmoja dhidi ya la mwingine ni kwamba alikuwa ameiwasha kamera ya simu. Simu ndiyo iliyokuwa shahidi wake. Siku chache baadaye likaanza juma la watazamaji ndege weusi, yaani watu wakaanza kwa makusudi kuonekana pamoja.

Durban ina sura yake ya hadithi hiyo. Sheria ya mwaka 1953 iliruhusu maeneo ya umma, fukwe zikiwemo, kutengwa kwa rangi, na haikufutwa hadi mwaka 1990. Anko alitusimulia kwamba ujanani mwake fukwe nyingi za jiji zilikuwa za Wazungu peke yao. Kuna mahali alipapita kwenye basi miaka mingi kabla hajapakanyaga. Kwa hiyo Mhindi mzee, Mzulu kijana na Mtanzania kusimama ukingoni mwa mto mmoja wakibishana kuhusu sauti ya ndege ni jambo lenye umri mdogo kuliko Anko. Mwandishi akiliondoa kundi ili insha yake ipate utulivu, ameiondoa historia hiyo pia.

Nimeisifu orodha vya kutosha, sasa niilaumu. Haina nafasi ya kutokubaliana. Mabishano ya dakika ishirini, ambayo kwangu ndiyo yaliyokuwa kiini cha asubuhi ile, hayamo. Haimtaji mvuvi wala redio yake. Haisemi kwamba mto ule, baada ya mafuriko ya Aprili 2022 yaliyoua watu zaidi ya 400 katika eneo hilo na kuharibu mitambo ya majitaka, ulibeba uchafu hadi fukwe zikafungwa. Orodha zikilinganishwa kwa miaka zinaweza kuonyesha aina fulani imepungua. Harufu ya maji haiwezi kuonyeshwa na orodha hata zikiwa elfu.

Tena kuna suala la majina. Karani aliandika kwa Kiingereza, maana ndivyo programu ilivyokuwa kwenye simu yake. Kiongozi alituambia majina ya Kizulu njiani, na mengine yalinigonga kama sauti ya ndugu. Kuna kekeo ambaye Wazulu humwita uPhezukomkhono: juu ya mkono. Sikuhitaji mkalimani kuusikia mkono ndani yake. Huanza kulia msimu wa kulima unapokaribia, akikumbusha watu waweke jembe begani. Korongo mweupe ni unogolantethe, mkamataji wa nzige. Adrian Koopman ameyakusanya na kuyachambua majina ya namna hii katika Zulu Bird Names and Bird Lore cha mwaka 2019. Yeye na wenzake waliketi pia na viongozi wa watalii wanaozungumza Kizulu katika warsha, ili aina zilizokuwa zinachangia jina moja zipate kila moja la kwake. Nalisifu hilo, hasa kwa sababu waliitwa watu wanaotembea na ndege kila siku, hawakuachiwa wataalamu wa ofisini peke yao.

Kiswahili kina kazi hiyo mbele yake. Neno letu korongo hubeba aina za ndege ambazo mtazamaji yeyote angezitenganisha kwa koo. Mikoko, kinyume chake, tuliipa kila mmoja jina, kwa sababu tulikata boriti na kuziuza ng'ambo, na fundi asiyejua tofauti ya mchu na mkoko alipata hasara. Lugha huzaa jina pale panapokuwa na kazi na mabishano. Jina la mdiria wa mikoko nililolitumia humu ni maelezo tu. Litakuwa jina siku watu wawili watakapogombana juu yake kwa Kiswahili.

Nafasi ya ugomvi huo ipo. Tangu mwaka 2013 Kenya ina ramani yake ya ndege inayotumia utaratibu uleule wa viraba na mpangilio wa muda, na vijana wa Kilifi au Lamu wanaweza kutoka Jumamosi hii wakaandika orodha inayosomeka sawasawa na ya Durban. Ninachowaomba ni kwamba mmoja wao, wakirudi, aandike na kile orodha ilichokiacha. Ataje tarehe, saa na idadi ya watu. Amtaje aliyesikia na wengine hawakusikia, na aseme kundi lilimfanyia nini. Atumie "sisi" bila kuificha mipasuko iliyomo ndani yake. Fasihi yetu ya mdomo ina majibizano ya washairi, ambapo ubeti wa mmoja hauna maana bila wa mpinzani wake. Hatuhitaji kuazima umbo kutoka Essex.

Na sisi wahakiki tubadili swali tunaloziuliza insha za aina hii. Kwa muda mrefu tumeuliza kama mwandishi aliguswa, kama ndege yule alimponya, kama sentensi zake zinaruka. Tuanze kuuliza nani mwingine alikuwepo, na yeye alisema aliona nini.